Kuvuka Zama

Mwaka 1906 mwandishi wa Uingereza, E. Nesbit, aliwapeleka watoto wa hadithi yake hadi Misri na Babeli za kale kwa nguvu ya hirizi. Fasihi ya namna hiyo tumezoea kuiita "safari ya wakati". Istilahi hiyo hainiridhishi: ukiisikiliza vizuri, anayesafiri ni wakati, na mtoto kaachwa stesheni. "Safari ya zamani" ndiyo imeharibika kabisa, maana hiyo ni safari iliyokwisha. Mimi nasema hadithi za kuvuka zama. Anayevuka huenda ng'ambo, na ng'ambo kuna wenyeji wenye maneno yao.

Mchukue mtoto wa leo wa Morogoro mjini, anayeijua treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, umvushe hadi milima ya Uluguru ya mwaka 1955. Atajitambulisha kwa jina la baba. Wazee watamuuliza ukoo wa mama yake, kwani Waluguru huhesabu nasaba kuukeni, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyohiyo. Mjomba, ambaye kwao ni mtu wa zawadi za sikukuu, kule atamkuta ni mwenye kauli juu ya shamba.

Kisha aseme "matuta". Shuleni kafundishwa kuwa matuta ya ngazi huzuia mmomonyoko, tena ni kweli. Lakini mwaka ule neno hilo lilibeba amri ya mkoloni, kazi ya shuruti na faini. Watu waligoma, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Miongo mitano baadaye, mradi wa mashirika ya CARE na WWF huko Kibungo, Uluguru, uliwalipa wakulima waliochimba matuta kwa hiari, ili maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yasijae tope. Mlima ni uleule na jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni nani anaamua na nani anafaidika. Mtoto akilielewa hilo ndani ya neno moja, keshavuka.

Kwa umbali wa vizazi tunazo istilahi tayari: mjukuu, kitukuu, kilembwe, kinying'inya. Zinafaa kuwa majina ya sura za kitabu cha hadithi kama hiyo.

Mwandishi wa Morogoro, usihangaike na mashine ya kuvushia zama. Panda Uluguru hadi Matombo au Mgeta ukawaulize waliokuwa watoto mwaka 1955, na uende mwaka huu, maana wamezeeka.