Kengeleni, Kongowea na Maduka ya Nyali

Mkaazi wa Kisauni akisema anakwenda mjini, ujue anavuka daraja aende kisiwa cha Mombasa. Msemo huo umebaki, lakini siku hizi wako watu wa kisiwani wanaovuka kuja upande wetu, na si wote wanaokuja kununua. Wengine wamekuja kukutana. Kukutana huko kuna historia ya takriban miaka 150.

Tuanzie Kengeleni. Mwaka 1875 wamishonari wa Church Missionary Society walianzisha hapo Freretown, makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Uingereza. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultan Barghash aikomeshe biashara ya watumwa. Waliokaa hapo hawakuwa wa ukoo mmoja wala lugha moja. Baadhi yao walikuwa wamelelewa Nasik, huko India, kabla ya kurudishwa Afrika. Kengele ilitundikwa iwatahadharishe wakaazi wavamizi wakionekana. Kwa watu walionyang'anywa makwao, naamini sauti moja inayowakusanya wote ilikuwa na uzito ambao sisi hatuwezi kuupima. Mnara wake mdogo bado umesimama, na makanga wa matatu hulitaja jina la Kengeleni kutwa nzima.

Mwaka 1931 daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa, na mwaka 1980 likaja la sasa, lililo imara zaidi. Watu na mizigo wakapata njia, na penye njia kukawa na soko.

Soko hilo ni la Kongowea, na Kongowea ni jina kongwe. Zamani Mombasa yenyewe iliitwa hivyo, kabla jina halijabaki kwa mtaa huu wa ng'ambo na soko lake. Alfajiri malori hushusha nyanya za Taita, viazi na kabichi za bara, vitunguu na machungwa kutoka Tanzania. Mahamali husukuma mikokoteni wakipiga kelele wapishwe. Upande wa mitumba, robota likikatwa kamba, wanawake huinama pamoja kuchagua, na huku mikono ikichambua nguo, ndimi huchambua habari: nani kafiwa, harusi ni lini, zamu ya mchezo wa fedha ni ya nani. Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Mtu anaweza kukaa hapo mpaka adhuhuri bila kununua hata limau, na hakuna atakayemfukuza.

Maduka makubwa ya Nyali yalikuja baadaye, kama vile Nyali Centre na City Mall iliyo kando ya barabara ya Malindi. Sina ugomvi nayo. Jioni za Idi familia hujaa huko, watoto wakitembea na askirimu bila kuhofia pikipiki, na hiyo ni neema kwa mji wenye viwanja vichache. Lakini baada ya shambulio la kigaidi kwenye maduka ya Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, upekuzi ulizidi milangoni mwa maduka kama haya kote nchini. Mahali unapopekuliwa kabla ya kumsalimu rafiki hapawi baraza, hata pakiwa pazuri vipi.

Tena kuna suala la duka mama, lile kubwa linalovuta wateja. City Mall ilitegemea supamaketi ya Nakumatt. Kampuni hiyo ilipoporomoka na kufunga matawi yake moja baada ya jingine, ilibidi mwingine aingie, naye akawa Carrefour; wadai wa Nakumatt waliamua ivunjwe mwaka 2020. Soko la Kongowea halina duka mama. Mchuuzi mmoja akiugua, meza ya jirani ipo, na mara nyingi jirani huyo humuuzia na mali yake.

Kinachoniuma ni kwamba soko hili, linalolisha pwani yote, bado halijapewa kivuli cha kutosha wala mahali pa kukaa. Masika yakianza, njia hugeuka tope. Wanawake waliomaliza kununua hugeuza makreti ya nyanya, wakakaa juu yake na leso mabegani, wakingojana ili wachange nauli ya tuktuk warudi pamoja.