Lurambi, Mpira na Mlango wa Chuo

Mwaka 1964 timu kadhaa za Waluhya ziliungana zikawa klabu moja, Abaluhya United. Nyingi kati ya timu hizo zilibeba majina ya nyumbani: Marama, Kisa, Bunyore, Tiriki, Bukhayo. Lurambi, hapa kwetu Kakamega, ilikuwamo, na Butsotso iliyomo ndani yake vilevile. Miaka miwili baadaye Abaluhya walikuwa mabingwa wa Kenya. Mnamo 1980, serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe michezoni, klabu ikawa AFC Leopards, ikatwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984.

Naanza na Leopards kwa sababu klabu hiyo ndiyo iliyowaonyesha vijana wa Kakamega mpira unampeleka mtu wapi. Ulimpeleka Nairobi, na huko ukampatia kazi. Kampuni ya bia, Shirika la Reli, Posta na Simu, benki na majeshi, wote walikuwa na timu, na mchezaji mzuri aliandikwa kazi kwanza, mengine akayajulia huko. Nyumbani nako kiwanda cha sukari cha Mumias kikawa na klabu yake. Kwa mzazi wa Butsotso mwenye watoto wengi na shamba dogo, mshahara ulikuwa jibu tosha. Chuo kikuu hakikuwa katika hesabu hiyo.

Hata hivyo mpira wenyewe ulizaliwa darasani. Uliingia magharibi mwa Kenya pamoja na misheni. Kule Maseno, Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeongoza shule hiyo kuanzia 1928 hadi 1940, aliuona uwanja kuwa sehemu ya malezi, na wanafunzi wake walipotawanyika kuwa walimu walikwenda na mpira. Shule ya serikali ya Waafrika pale Kakamega ilianza katika miaka hiyohiyo, mwaka 1932. Leo ni Shule ya Upili ya Kakamega, nayo timu yake inaitwa Green Commandos, jina ambalo mpenzi yeyote wa michezo ya shule nchini analijua.

Ughaibuni mara nyingi mtoto hulelewa kimchezo na klabu ya vijana, mzazi akilipa ada, sare na safari. Lurambi kazi hiyo imefanywa na shule. Mtoto anaanza na mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, anaonekana katika mashindano ya shule za msingi, kisha mwalimu wa michezo anamtafutia nafasi katika shule ya upili na pengine afueni ya karo. Muhula wa pili ukifika, timu inapanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Magharibi, taifa, na hatimaye michezo ya shule za Afrika Mashariki, ambayo Kakamega yenyewe iliiandaa Agosti 2025. Mfumo huu umewasomesha vijana ambao wasingeuona mlango wa sekondari. Pia umeleta mamluki, wachezaji waliopita umri wanaoingizwa ili kombe lipatikane, na kila mmoja wao humnyang'anya mtoto halali nafasi. Hilo silioni kuwa dogo.

Wapo waliopita njia zote mbili. J. J. Masiga, mshambuliaji wa Leopards hao wa miaka ya 1980, ni daktari wa meno aliyefunzwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Masiga anakumbukwa sana kwa sababu wa namna yake walikuwa wachache.

Kwa nini wachache, hali majirani zetu wa Nandi walikuwa wakienda vyuo vya Marekani kwa miguu yao? Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilijaa wakimbiaji wa Kenya, na mmoja wao, Henry Rono, alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 kwa siku 81. Kocha wa riadha aliye ng'ambo akisoma muda wa mkimbiaji ameshajua anachokitaka. Mchezaji mpira hana namba kama hiyo, lazima aonwe. Lawrence Olum, aliyezaliwa Nairobi, alionekana akiwa tayari Marekani, katika Chuo Kikuu cha Missouri Baptist, ndipo akafika ligi kuu ya huko.

Siku hizi video ya simu inavuka bahari. Kinachomkwamisha kijana ni kanuni. Kwa muda mrefu vyuo vya daraja la kwanza vya Marekani vimempa mchezaji mwaka mmoja hivi wa kujiunga baada ya sekondari. Akiendelea na ligi baada ya hapo anaanza kupoteza misimu yake minne, na mkataba wa kulipwa unaweza kumfungia mlango kabisa. Hapa kwetu kijana akimaliza kidato cha nne hukimbilia klabu. Kakamega Homeboyz, waliokosa ubingwa wa ligi mwaka 2022 kwa tofauti ya mabao tu na kutwaa Kombe la Shirikisho la Soka (FKF) mwaka 2023, ni klabu ya mjini kwake mwenyewe. Nani atamlaumu akisaini?

Katika vyuo hivyo vya Marekani wasichana wamekuwa na nafasi pana zaidi. Hadi 2025 timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na nafasi 9.9 za ufadhili za kugawana kikosi kizima, ya wanawake 14, tunda la sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ya Marekani. Na vipaji vipo: Kenya ilipocheza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2024 na kuifunga Mexico 2-1, wanafunzi wa shule za ukanda huu walikuwa kikosini.

Lakini chuo kilicho karibu kuliko vyote kimo humuhumu Lurambi. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza kama chuo cha WECO katika miaka ya 1970 na kupata hadhi kamili 2007. Kina timu nzuri. Ila nafasi za shahada katika vyuo vya umma hugawanywa kwa alama za mtihani, C+ na kuendelea, na mabao hayaongezi alama hata moja. Tangu Januari 2026 baadhi ya shule za upili zina mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Basi walimu wakuu wa Lurambi wautumie kwa dhati, chuo nacho kitenge nafasi kwa wanaohitimu humo. Na mzazi ambaye mwanawe ameitwa klabuni, tafadhali ulizia kwanza matokeo yake ya mtihani, kisha uusome mkataba kabla hajaweka sahihi.