Waliojenga Nyumba Ndio Wanaobisha Hodi

Kila ifikapo kiangazi, vyuo vikuu vya Marekani vikiisha kufunga milango, vijana wa Kiislamu, wa kike na wa kiume, huziandikia barua jumuiya za kheri za dini yao katika miji kama Los Angeles, Chicago na Washington, wakiomba kupokewa kuwa wanagenzi kwa muda, ili wajifunze kazi ambayo vitabu havikuwafunza. Na wakubwa wa jumuiya hizo, wazipokeapo barua hizo kwa bashasha au kwa mashaka, aghalabu husahau kwamba nyumba wanazoziongoza, nyingi katika hizo, zilijengwa na wanafunzi. Tarikhi hii si ya kale, wala haikufichika, ila ni nadra kusimuliwa, kwa kuwa mtu mzima hapendi kukumbushwa kwamba mlezi wake alikuwa mtoto.

Tarehe 1 Januari 1963, katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Urbana-Champaign, wanafunzi ambao wengi wao walitoka nchi za Kiarabu na Bara Hindi walikutana wakaunda Jumuiya ya Wanafunzi wa Kiislamu wa Marekani na Kanada. Haja zao zilikuwa haja za msafiri: mahali pa kusali Ijumaa, mwenzi wa kufuturu naye, kitabu cha dini cha kusoma, kwani wengi walikusudia kurejea makwao wakiisha kupata shahada. Lakini sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilipoondoa vizuizi vilivyopima watu kwa nchi walizozaliwa, wengi walibaki, wakaoa, wakazaa, na haja za mkaazi si haja za msafiri. Matabibu walijiundia jumuiya yao mwaka 1967. Amana ya wakfu, ambayo hushika hati za misikiti, ikasimama mwaka 1973. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikazaliwa jumuiya kubwa ya watu wazima, Islamic Society of North America, yenye makao yake Plainfield, Indiana. Yafaa kusema hapa, maana wengi hulipita kimya, kwamba Waislamu weusi wa nchi ile walikuwa na misikiti yao kabla wanafunzi hao hawajatia mguu, na kwamba wageni hawa wenye elimu waliishi nao miaka mingi pasipo kujuana kama inavyopasa ndugu wa imani moja kujuana.

Moto ndio uliowafumbua macho baadhi yao. Tarehe 29 Aprili 1992, mahakama ilipowaachia polisi waliopigwa picha wakimtwanga Rodney King, mtu mweusi, mji wa Los Angeles uliwaka kwa siku kadhaa, wakafa watu zaidi ya 50, na mali iliyoteketea ikakisiwa kufikia thamani ya dola bilioni moja. Wanafunzi wa Kiislamu waliokuwa wakisomea utabibu katika chuo kikuu cha UCLA na katika Chuo Kikuu cha Charles R. Drew waliutazama upande wa kusini wa mji, wakaona kuwa maradhi ya pale hayakuanza na moto wala hayatazimika pamoja nao, madhali watu wengi hawana bima na waganga ni haba. Ndipo walipoazimia kufungua zahanati. Azma ni jambo jepesi kwa kijana, bali hawa, ambao walikuwa bado na mitihani yao wenyewe, walishika njia ndefu ya kutafuta fedha, jengo, vibali na matabibu waliokamilika wa kuwasimamia, hata mwaka 1996 mlango ukafunguliwa kwa jina la UMMA. Waliotibiwa humo wengi si Waislamu. Ni Wamarekani weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wala hawakuulizwa dini yao. Zahanati hiyo, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya namna yake kuasisiwa na Waislamu katika Marekani, baadaye ilikua ikawa kituo cha afya kinachoungwa mkono na serikali kuu.

Chicago nayo ina kisa chake. Rami Nashashibi, mzaliwa wa Amman mwenye asili ya Kipalestina, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha DePaul, pamoja na wanafunzi wenzake na wakaazi wa upande wa kusini-magharibi wa mji, walianza katikati ya miaka ya 1990 kazi iliyoandikishwa rasmi mwaka 1997 kwa jina la Inner-City Muslim Action Network. Sifa yao kubwa kwangu ni ujasiri wa kusema lililokuwa aibu kulitaja, yaani kwamba maduka mengi ya pembezoni mwa njia, yaliyouza ulevi na vyakula duni katika mitaa ya watu weusi, yalikuwa mali ya Waislamu wa Kiarabu waliokwenda kusali baada ya kufunga hesabu. Hawakukomea kulaumu, waliwaendea wenye maduka na wenye mitaa, wakawakalisha pamoja. Karibu nao ipo bustani ya Marquette Park, ambako Martin Luther King alipigwa jiwe tarehe 5 Agosti 1966 akiandamana kudai haki ya makaazi, na jumuiya hiyo ilishiriki kusimamisha ukumbusho wake hapo mwaka 2016. Mwaka uliofuata Nashashibi alitunukiwa tuzo ya MacArthur.

Kutoka kwa waasisi hao hata kwa mwanagenzi wa leo pana umbali mkubwa. Wale waliamua, huyu huamriwa. Yako mambo ya maana anayoyapata: hujifunza kuandika ombi la fedha, kupokea malalamiko ya aliyebaguliwa kazini, na kuelewa kwamba jumuiya ya kheri hukatazwa na sheria ya kodi kumpigia kampeni mgombea yeyote. Lakini wako pia wanaomaliza kiangazi kizima wakipanga viti na kupiga picha za mikutano ya wakubwa.

Tena liko suala la ujira. Sheria ya Marekani huiruhusu jumuiya ya kheri kumtumia anayejitolea bila ya malipo, na wengi huikimbilia ruhusa hiyo, ilhali dini yenyewe, katika mafungu manane ya zaka, imemtengea fungu mtumishi anayeikusanya na kuigawa, hata akiwa tajiri. Kazi ya bure humwezekania mtoto wa tabibu. Mtoto wa dereva wa teksi hana budi kuuza dukani kiangazi chote ili apate karo, na kwa hiyo mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mafukara hubaki umefungwa kwa watoto wao. Jumuiya isiyoweza kumlipa mwanagenzi, japo nauli na chakula, na ipokee wachache inaoweza kuwalipa. Nawe msomaji uliye na mwana chuoni huko, kabla hajakubali, mwambie aulize mapema atapewa kazi gani, chini ya nani, na kwa ujira gani.