Besi mwenye mistari: samaki, sheria na kayaki

Mwaka 1639, koloni la Massachusetts Bay lilipiga marufuku kutumia samaki wa aina mbili kuwa mbolea ya mashamba. Mmoja wao alikuwa besi mwenye mistari. Wakati huo wakoloni walikuwa hawajamaliza hata miaka 10 Boston, na tayari walikuwa na hofu kwamba chakula chao kinazikwa chini ya mahindi. Mwaka 1670 koloni jirani la Plymouth likaamua kwamba mapato ya uvuvi wa besi na samaki wengine huko Cape Cod yagharamie shule. Kwa hiyo sisi tunaosoma katika eneo hili tunaweza kusema, kwa utani kidogo, kwamba elimu ya hapa ilianza na samaki.

Wenyeji walimjua besi zamani sana kabla ya sheria hizo. Mwaka 1643 Roger Williams alichapisha kitabu cha lugha ya Wanarragansett, na ndani yake samaki huyu anaitwa missuckeke. Jina la samaki mwingine mdogo, menhaden, ambaye besi humpenda sana, linatokana na neno la lugha hiyohiyo lenye maana ya kurutubisha ardhi. Wanarragansett, basi, walikuwa na samaki wa shamba mwenye jina lake.

Wasomaji ambao hawajawahi kumwona: besi huyu ana rangi ya fedha na mistari myeusi saba au minane ubavuni. Huishi baharini lakini hutaga mayai katika mito, hasa inayoingia Ghuba ya Chesapeake, na pia mto Hudson na Delaware. Wakubwa husafiri kaskazini hadi Maine majira ya kuchipua, na kurudi kusini majani yanapopukutika. Anaweza kuishi miaka 30, na jike huchukua miaka mingi kabla ya kutaga. Tafadhali kumbukeni jambo hili la jike, kwa sababu linaeleza mambo mengi yaliyofuata.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza kuelekea mwisho, matajiri wa New York walianzisha klabu katika kisiwa cha Cuttyhunk, mwaka 1864. Walijenga vijukwaa vya mbao juu ya miamba, mwanachama akasimama hapo na ufito wake, na kijana wa kuajiriwa akamtupia samaki vipande vya chambo majini. Chambo chenyewe mara nyingi kilikuwa kamba koche! Leo kamba koche mmoja mkahawani ni bei ya kitabu cha darasa. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 besi walikuwa wameadimika na klabu ikafifia. Hata hivyo mwaka 1913, karibu na visiwa hivyohivyo, Charles Church alimvua besi wa ratili 73, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 60.

Wakati huohuo besi alikuwa ameshapanda treni. Mwaka 1879 samaki wadogo 132 walichukuliwa kutoka mto Navesink, New Jersey, wakavushwa bara zima na kuachiliwa karibu na Martinez, California. Wengine karibu 300 walifuata mwaka 1882. Ndani ya miaka 20 wavuvi wa California walikuwa wakiuza zaidi ya ratili milioni moja kwa mwaka. Wajukuu wao walienea hadi Oregon.

Sasa tuje kwenye uvuvi wa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu au dagaa. Katika uvuvi wa kawaida, uzito wa chambo ndio unaovuta mshipi. Hapa mambo ni kinyume: chambo hakina uzito, mshipi ndio mzito, na mvuvi huurusha nyuma na mbele mpaka unyooke. (Baadhi yetu tulikua tukijua mshipi kuwa mkanda wa suruali tu. Wazee wa pwani wangetucheka.) Ulikuwa uvuvi wa mitoni, wa samaki trauti. Katika miaka ya 1940 Harold Gibbs wa Rhode Island alifunga nzi wake maalumu kwa ajili ya besi wa maji ya chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Lefty Kreh wa Maryland alibuni nzi mwingine kwa manyoya ya jogoo na nywele za mkia wa paa, kwa besi wa Chesapeake. Nzi huyo akawa maarufu kiasi kwamba mwaka 1991 alichapishwa kwenye stempu ya posta ya Marekani.

Kayaki ina historia ndefu zaidi. Qajaq ni neno la Wainuit, waliotengeneza chombo hicho kwa ngozi za sili juu ya kiunzi cha mbao zilizookotwa ufukweni au mifupa. Kilikuwa chombo cha kuwindia, wala si cha michezo. Katika miaka ya 1970 mafundi walianza kutengeneza kayaki za plastiki katika kalibu zinazozungushwa kwenye moto, na bei ikashuka. Hapo ghuba ndogo na mahori, ambamo mashua ya injini hukwama au hutisha samaki, vikafunguka kwa mtu yeyote mwenye kafi. Mvuvi huingia na maji yanayojaa, hutoka na yanayokupwa, na siku za bamvua huwa na mikondo mikali ambayo besi hupenda kuvizia. Akinasa mkubwa, samaki huivuta kayaki na mtu wake.

Lakini samaki wenyewe nusura wasiwepo. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara wa pwani ya Atlantiki walipata karibu ratili milioni 15 za besi. Mwaka 1983 walipata milioni 3.5. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1984, na Maryland ikafunga kabisa uvuvi wa besi kuanzia 1985 hadi 1990. Mpango ulikuwa kuwalinda samaki waliozaliwa 1982 mpaka karibu majike wote wapate kutaga angalau mara moja. Kwa familia zilizoishi kwa nyavu, miaka mitano bila besi haikuwa jambo dogo, nasi tunaona si haki kuwataja wavuvi hao kama wakosaji tu. Mpango ulifaulu. Mwaka 1995 besi alitangazwa kuwa amerudi, na uvuvi wa nzi ukaenea pwani nzima katika miaka hiyohiyo.

Kisha hesabu zikageuka. Tathmini iliyotolewa 2019 ilionyesha kwamba besi amepungua kupita kiasi tena. Safari hii wauaji wakubwa hawakuwa wenye nyavu. Katika hesabu za mwaka 2017, wavuvi wa kujifurahisha walisababisha karibu asilimia 90 ya vifo vya besi vilivyotokana na uvuvi, na zaidi ya nusu ya hivyo vilikuwa vya samaki waliorudishwa majini. Wataalamu hukadiria kwamba asilimia 9 ya wanaoachiliwa hufa baadaye. Kwa maneno mengine, mtu wa kayaki anayewaachilia samaki 11 kwa siku huenda amemuua mmoja bila kumwona.

Maryland huhesabu besi wachanga kila mwaka tangu 1954. Kufikia 2023 wastani wa muda mrefu ulikuwa 11.1 kwa kila mvuto wa wavu. Mwaka 2023 walipata 1.0. Mwaka huohuo sheria mpya ya dharura iliruhusu mvuvi wa kujifurahisha baharini kuchukua besi wa inchi 28 hadi 31 pekee, ili majike wakubwa warudi Chesapeake kutaga.