Yatima wa Tsavo

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ambayo babu zetu, kama wangaliisikia, wangaliangua kicheko: kazi ya kumnywesha mtoto wa ndovu maziwa kwa chupa. Katika nchi ya Kenya kazi hiyo imefanywa kwa zaidi ya miaka sabini sasa, nayo ina historia yake, yenye makosa mengi na majonzi, na watu walioifanya hawakuianza kwa kujua bali kwa kutojua.

Kwanza yafaa tukumbushane tabia za mnyama mwenyewe. Ndovu jike huchukua mimba miezi 22, naye huzaa mtoto mmoja, mara chache sana wawili. Wanafunzi wetu hudhani kwamba ndama wa ndovu hunyonya kwa mkonga. Sivyo, huukunja mkonga juu ya kichwa akanyonya kwa kinywa kama mtoto yeyote. Hunyonya kwa miaka mingi, na katika miaka miwili ya mwanzo hawezi kuishi pasipo maziwa, hata majani yakijaa pande zote. Jamaa ya ndovu huongozwa na jike mzee, na mashangazi na dada wote hushiriki katika kumlinda mdogo. Lakini mama akiuawa, mashangazi hawana maziwa ya kutosha watoto wawili. Basi yatima husimama kando ya mzoga wa mamaye mpaka njaa, au simba, au fisi wammalize. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na hapana mtu aliyefikiri kwamba yaweza kuwa vingine.

Mwaka wa 1948 Serikali ya Kenya ya wakati ule iliitenga nchi ya Tsavo iwe hifadhi ya wanyama. Ni nchi kame, yenye udongo mwekundu na vichaka vya miiba, na ukubwa wake wapata maili za mraba 8,000. Wasafiri wa reli baina ya Mombasa na Nairobi huipita, na waliosoma habari za simba waliowala wajenzi wa reli ile mwaka wa 1898 walijua jina lake zamani. Upande wa mashariki, wenye makao yake Voi, alikabidhiwa Bwana David Sheldrick, aliyekuwa askari katika vita vya pili vya dunia. Alikaa hapo mpaka mwaka wa 1976. Alipofika hakukuta barabara za maana wala nyumba, naye alitumia miaka mingi kukata njia, kuchimba maji, na kupigana na wawindaji.

Wawindaji wenyewe walikuwa Wata, ambao wengine huwaita Waliangulu, na baadhi ya Wakamba. Wata walikuwa mabingwa wa upinde mkubwa na mshale wa sumu, na ndovu ndiye aliyekuwa riziki yao tangu kale. Sisi hatupendi kuwasema vibaya. Mpaka ulichorwa katika karatasi, na mtu aliyelala usiku akiwa mwindaji hodari aliamka asubuhi akiwa mwizi. Tena aliyenufaika zaidi kwa pembe hakuwa yeye, bali mfanyabiashara aliyezinunua kwa bei ndogo na kuzipeleka pwani. Hata hivyo, mshale wa sumu haumwui ndovu papo hapo kila mara. Wengine walikimbia na majeraha, wakafa mbali, na nyuma yao askari wa hifadhi wakakuta watoto.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Haikuanza kwa mkutano wala kwa amri. Ilianza kwa sababu askari hakuweza kumwacha ndama palipo na tai, akamleta nyumbani. Miongoni mwa wa kwanza walikuwa dume aliyeitwa Samson na jike aliyeitwa Fatuma. Baada yao walikuja vifaru, nyati, mbuni, pundamilia na wengine, hata ua wa nyumba ya Bwana Sheldrick na mkewe, Bibi Daphne, ukawa kama safina ya Nuhu. Bibi huyo, aliyezaliwa Kenya mwaka wa 1934, ndiye aliyeishika kazi ya ulezi kwa mikono yake mwenyewe.

Jambo moja walilifanya tangu mwanzo ambalo twaona ni la akili sana: hawakuwafunga. Asubuhi yatima walitoka pamoja na mlezi kwenda kula vichakani, jioni wakarudi wenyewe kwenye boma kwa kuogopa simba. Ndovu wa porini wakipita, yatima waliwanusa na kusalimiana nao. Aliyetaka kufuatana nao alikwenda, na aliyeogopa alirudi.

Yatima mashuhuri kuliko wote wa zamani zile alikuwa Eleanor. Alikutwa katika nchi ya Samburu mwaka wa 1961, umri wake wapata miaka miwili. Kwanza aliwekwa Nairobi ili watu wamtazame, kisha akapelekwa Tsavo. Huko, alipopata makamo, akawa mama wa kila yatima aliyeletwa. Ndama mgeni, mwenye hofu na kidonda, alipoingia bomani, Eleanor alimnyoshea mkonga, akamgusa mwili mzima, akamweka chini ya kidevu chake. Walezi walisema kwamba kazi ya kumtuliza mgeni ilikuwa nusu yao na nusu yake, na sisi twadhani walijipendelea katika hesabu hiyo.

Lakini angalieni: Eleanor, Samson na Fatuma wote waliokolewa wakiwa wamekwisha kuanza kula majani. Ndama mchanga, wa wiki mbili tatu, alikuwa mtihani mwingine kabisa, na kwa miaka mingi mtihani huo uliwashinda. Walimpa maziwa ya ng'ombe, akahara, akadhoofu, akafa. Wakayazimua kwa maji, akafa. Wakajaribu malai, akafa upesi zaidi. Mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe hayaelewani na tumbo la ndovu. Kila jaribio lilikuwa kaburi, na Bibi Daphne alikwisha kuchimba makaburi mengi alipoletewa, mwaka wa 1974, ndama mchanga sana aliyepewa jina la Aisha.

Kwa Aisha jibu lilipatikana, nalo lilikuwa katika nazi. Bibi Daphne alichukua maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa binadamu, akayachanganya na mafuta ya nazi, na kwa mara ya kwanza ndama mchanga hakuhara. Alinenepa, akacheza, akamfuata mlezi wake kila aendapo. Sisi watu wa pwani, ambao hatupiki wali wala samaki pasipo nazi, tuna haki kidogo ya kujivuna hapa.

Aisha alikuwa na miezi sita wakati Bibi Daphne alipolazimika kusafiri kwa ajili ya arusi ya binti yake. Alimwachia mtu mwingine, maziwa yakiwa yale yale, kipimo kile kile, saa zile zile. Aisha akakataa kunywa. Akamtafuta mlezi wake pote nyumbani asimwone, akadhani amekufa kama mama wa kwanza alivyokufa. Bibi aliporudi baada ya siku kadhaa alikuta amekwisha kuwa mifupa, na muda si mrefu akafa. Hakufa kwa ugonjwa wala kwa njaa ya chakula. Alikufa kwa huzuni.

Yatupasa tusimame kidogo hapo, maana huo ndio mwanzo hasa wa elimu ya kazi hii. Mtu angaliweza kusema, basi, kumbe ndovu hataki kulelewa na binadamu, tuache. Bibi Daphne alielewa vingine: kosa lake halikuwa kumpenda Aisha, bali kupendwa na Aisha peke yake. Ndovu mdogo hana mama tu. Ana jamaa nzima. Akipewa mtu mmoja badala ya jamaa, maisha yake yote yametundikwa katika uzi mmoja. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba ndama atalelewa na walezi wengi wanaopokezana, ili yeyote aweze kwenda kwao, au kuugua, au kufa, na ndama asibaki mkiwa. Ni vigumu kwa mlezi kukubali jambo hilo. Kila alezaye angependa awe ndiye mmoja tu.

Bwana Sheldrick alifariki mwezi wa Juni, 1977. Katika mwaka huo huo ulianzishwa mfuko wa kumkumbuka, na Bibi Daphne akafanya makao yake ndani ya hifadhi ya Nairobi, ambayo ni ya kwanza nchini, ya mwaka wa 1946. Hapo ndipo palipojengwa nyumba ya kulelea wachanga. Na haja ilikuwa kubwa kupita kiasi, maana miaka ile ilikuwa miaka ya bunduki. Katika mwanzo wa miaka ya 1970 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000. Kufika mwaka wa 1989 hawakuzidi 20,000. Mwaka huo, mwezi wa Julai, Serikali ilichoma moto tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia, na kabla mwaka haujaisha mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe baina ya nchi na nchi. Ukame nao una sehemu yake katika hesabu hiyo. Ule wa 1970 na 1971 uliua ndovu kwa maelfu huko Tsavo.

Malezi yenyewe ni hivi. Ndama mchanga hunyweshwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, na mlezi hulala naye katika chumba kimoja, kitanda chake kikiwa juu kidogo ya majani. Blanketi hutundikwa, na ndama huliegemezea mkonga wake anapokunywa, kwa kuwa porini angeuegemeza katika tumbo la mamaye; pasipo blanketi wengine hukataa chupa. Masikio hupakwa dawa ya kukinga jua, maana porini angetembea chini ya kivuli cha mamaye. Siku ya mvua huvikwa koti la mvua, kwa sababu kichomi humwua upesi. Na kila siku huogeshwa matope, ambayo ndiyo furaha yake kubwa.

Majeraha ni mengi: tanzi la waya lililokata mguu mpaka mfupa, mkuki, risasi, mshale, kuvunjika kwa kutumbukia kisimani. Mkubwa aliyeumia hutibiwa pale pale porini. Daktari wa wanyama wa Shirika la Wanyamapori la Kenya humpiga sindano ya usingizi kwa bunduki maalum, kidonda hukatwa nyama iliyooza, huoshwa, hudungwa dawa, kisha hufukiwa kwa unga wa udongo wa kijani unaozuia nzi na uchafu. Dawa ya kumwamsha hudungwa mwisho, na hapo kila mtu hukimbilia motokaa kwa haraka isiyo na heshima.

Ndama akifika miaka miwili au mitatu, huhamishwa Tsavo, ama Voi, ama Ithumba upande wa kaskazini, ambako boma lilifunguliwa mwaka wa 2004. Walio wadhaifu kwa majeraha hupelekwa msitu wa Kibwezi. Huko hujifunza kwa yatima wakubwa na kwa ndovu wa porini yale ambayo binadamu hawezi kuyafundisha. Mlango u wazi; kuondoka kwaweza kuchukua miaka mitano, hata kumi. Zaidi ya yatima 250 wamelelewa kwa njia hii.

Mwanafunzi mmoja alituuliza: "Mwalimu, ndovu alikula mahindi yetu ya mwaka mzima usiku mmoja. Je, mtoto wake ndiye anunuliwe maziwa?" Hatukumkemea. Swali lake ni la haki, na kwao hawakulipwa hata debe moja. Tulimwambia kwamba mayatima wengi hutokana na ugomvi huo huo wa shamba na kisima, na kwamba kumlea ndama pasipo kulinda shamba ni kuziba tundu moja la mtumbwi na kuacha la pili. Tukamweleza habari za Sagalla, karibu na Voi, ambako wakulima huning'iniza mizinga katika waya kuzunguka mashamba. Ndovu akigusa waya, nyuki hutoka, naye huwaogopa sana. Wakulima huuza asali. Alisikiliza, akasema angependa kuiona mizinga hiyo kabla ya kusadiki, nasi hatukuona jibu bora.

Mwisho tutawapa habari ya Emily. Aliokolewa mwaka wa 1993, akalelewa, akahamishwa Voi, akawa kiongozi wa yatima wenziwe, kisha akaenda porini. Mwezi wa Desemba, mwaka wa 2008, ndama wake wa kwanza alizaliwa, baba yake akiwa dume wa porini. Emily hakumficha. Alimleta kwa walezi, kichanga angali akiyumba kwa miguu yake, akasimama nao huku wale watu waliompa chupa zamani wakimtazama mtoto asiyehitaji chupa. Wakamwita Eve. Kisha Emily akageuka, na kundi lote likaingia vichakani, mtoto akiwa katikati.