Utunzaji wa mfumo wa umemejua wa nyumbani

Utunzaji wa mfumo wa umemejua wa nyumbani ni kazi ya kupima, kukagua na kusafisha vifaa vinavyozalisha na kuhifadhi umeme wa jua, ili viendelee kutoa nishati inayotarajiwa. Mfumo wa kawaida katika nyumba zisizofikiwa na gridi huwa na paneli, kidhibiti chaji, betri na vifaa vinavyotumia umeme. Vifaa vinavyohitaji volti 230 huongezewa inveta.

Nishati inayotarajiwa

Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25 za sentigredi. Juani seli hupata joto zaidi, na paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi inayozidi 25. Hivyo paneli ya wati 100 yenye seli za nyuzi 60 hubaki na takriban wati 86.

Mahali panapopata jua linalolingana na saa 5 za mwanga kamili kwa siku, paneli hiyo ingetoa wati-saa 500. Baada ya upotevu wa joto, vumbi, nyaya na betri, zinazotumika ni kama 300 hadi 350. Balbu 4 za wati 5 zikiwaka kwa saa 5 hutumia wati-saa 100. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 hutumia 120. Jumla ni 220, na mfumo unatosha. Matumizi yakizidi uzalishaji, betri hushuka siku hadi siku hata kama hakuna kifaa kilichoharibika.

Ufuatiliaji

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 hupimwa kwa multimita alfajiri, kabla ya jua kupiga paneli, vifaa vyote vikiwa vimezimwa kwa saa chache:

- volti 12.7: imejaa
- volti 12.2: imebaki nusu
- chini ya volti 11.9: karibu imeisha

Betri ya aina hii ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, au ikikaa bila kujazwa, salfeti ya risasi huganda kwenye sahani zake na uwezo wake hupungua. Kwa betri ya lithiamu volti si kipimo kizuri, kwa sababu hubadilika kidogo tu hadi chaji inapokaribia kuisha.

Vipimo vikiandikwa daftarini kila wiki, ni rahisi kutambua chanzo cha tatizo. Betri ikishindwa kujaa baada ya siku ya jua kali, hukaguliwa kwanza uchafu na kivuli kwenye paneli, kisha viungo vya nyaya. Ikijaa mchana lakini ikaisha mapema usiku ilhali matumizi hayajaongezeka, betri yenyewe ndiyo inayoshukiwa.

Usafishaji na ukaguzi

Paneli husafishwa asubuhi au jioni kwa maji na kitambaa laini. Maji baridi yakimwagwa juu ya kioo chenye joto kali yanaweza kukipasua. Kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza sana umeme, kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfuatano. Nchini Tanzania, iliyo kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo ili mvua isafishe vumbi.

Betri zenye vifuniko vya kufungua huongezwa maji yaliyokenekwa tu, ambayo madukani huitwa maji ya betri. Maji ya bomba yana chumvi zinazoharibu sahani, na asidi haiongezwi. Vichwa vya betri husafishwa na kukazwa.

Usalama

Betri ya risasi inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo huwekwa penye hewa, mbali na jiko, kibatari na sigara. Asidi yake huunguza ngozi na macho. Wakati wa kufungua nyaya, paneli hutolewa kwanza kwenye kidhibiti, kisha betri. Wakati wa kufunga, betri hutangulia.

Betri kuukuu

Betri kuukuu haipaswi kuvunjwa nyumbani wala kutupwa shambani, kwa sababu risasi ni sumu inayodhuru hasa ubongo wa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kwa sumu hiyo. Phyllis Omido, aliyeongoza juhudi za kukifunga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Betri iliyokwisha hurudishwa kwa muuzaji au kwa mkusanyaji mwenye kibali.