Waliokata Magazeti Ili Wasifutwe

Katika miaka ya 1970, Chuo cha Cheyney karibu na Philadelphia, Marekani, kiligundua katika mali zake madaftari karibu 400 yaliyobandikwa vipande vya magazeti. Mwenyewe alikuwa William Henry Dorsey, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1837 na kufariki mwaka 1923. Baba yake, Thomas Dorsey, alitoroka utumwani Maryland, akajijengea jina Philadelphia kwa kuandaa karamu za matajiri. Mtoto akawa mchoraji na mkusanyaji wa vitabu na vitu vya kale, na kwa miongo kadhaa alitumia mkasi na gundi kuhifadhi kila habari aliyoona inawahusu watu wake: harusi, mazishi, mahubiri, kesi za mahakamani, uchaguzi, mauaji. Mwanahistoria Roger Lane alipoyapitia alipata humo mambo ya kutosha kuandika kitabu kizima kuhusu maisha ya Weusi wa mji huo, kikachapishwa mwaka 1991. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa kila inapotajwa ile kazi ya kubandika picha, barua na vipande vya karatasi katika albamu ya familia, ambayo wengi huichukulia kuwa pambo la kupitishia wakati. Historia yake inaonyesha kitu kingine: ilikuzwa na watu walioogopa kusahauliwa, nao walikuwa na sababu ya kuogopa.

Kubandika kwenyewe ni kwa zamani. Mwaka 1769 kasisi Mwingereza James Granger alitoa kitabu cha wasifu wa watu mashuhuri wa Uingereza, na wasomaji wake wakaanza kuchomoa picha katika vitabu vingine na kuziingiza katika nakala zao. Thomas Jefferson, akiwa rais wa Marekani kati ya 1801 na 1809, alikuwa na madaftari ya mashairi aliyoyakata magazetini. Hao walikuwa watu wenye maktaba. Jambo likawa la wengi pale magazeti yaliposhuka bei katika karne ya 19, na hasa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ambapo gazeti ndilo lililowaletea wazazi majina ya waliouawa na waliojeruhiwa. Gazeti la jana lilikuwa limebeba jina la mwanao. Nani angelifungia samaki? Waliokosa fedha za daftari jipya walibandika juu ya kurasa za vitabu vya hesabu vilivyokwisha kazi. Haja ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwandishi Mark Twain alisajili hataza mwaka 1873 ya daftari lenye kurasa zilizopakwa gundi tayari, mtu analowanisha tu na kubandika, na likauzika vizuri. Mwaka 1880 E. W. Gurley alichapisha kitabu kizima cha kufundisha kazi hiyo.

Lakini mkulima aliyekata mapishi na mashairi hakuwa na haja ile ile aliyokuwa nayo Dorsey. Vitabu vya historia vya wakati huo viliandikwa na Wazungu kuhusu Wazungu, na Mweusi alitajwa kama mtumwa, kibarua au mhalifu. Wana wa Frederick Douglass, mpigania uhuru aliyezaliwa utumwani, walikusanya madaftari ya habari za baba yao na za harakati zao wenyewe, ambayo leo yako Chuo Kikuu cha Yale. Huko Harlem, mjini New York, L. S. Alexander Gumby alijaza madaftari ya habari za Weusi, kisha mwaka 1950 akayakabidhi Chuo Kikuu cha Columbia. Wanawake waliodai haki ya kupiga kura walifanya vivyo hivyo: Elizabeth Smith Miller na bintiye Anne, wa mji wa Geneva katika jimbo la New York, walitengeneza madaftari saba kuanzia 1897 hadi 1911, na sasa yamo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Hawa wote walikuwa wakijenga nyaraka kwa mikono yao kwa sababu hapakuwa na ofisi iliyoajiri mtu wa kuwajengea.

Litatokea pingamizi kwamba hakuna alichoandika mtu wa namna hii. Amekata maneno ya wengine tu. Hoja hiyo ina uzito, kwani Dorsey alitumia kwa wingi magazeti ya Wazungu, na baadhi yaliandika kwa dharau. Hata hivyo hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi yake. Ida B. Wells, mwanahabari Mweusi, alipochapisha mwaka 1895 ripoti yake kuhusu mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya watu, alichukua takwimu kutoka gazeti la Chicago Tribune, ili asiwepo wa kusema wahanga wametunga. Shahidi wake alikuwa upande wa pili. Kipande kimoja cha gazeti ni habari ya siku moja, na mhariri aliyeichapa anaweza kudai ni tukio la pekee. Vipande mia vilivyopangwa kwa mwaka na kwa mada ni hoja ambayo mhariri huyo hakukusudia kuijenga. Kuchagua, kupanga na kuweka tarehe ni kuandika, na ni uandishi mgumu kwa kuwa mwandishi hawezi kubadili hata neno. Kasoro ya kweli iko kwingine: mkasi mara nyingi hukata jina la gazeti na tarehe, na kipande kisicho na tarehe hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Picha ndizo zilizogeuza mkondo. George Eastman alileta kamera ya Kodak mwaka 1888, na mwaka 1900 ikatoka ile ya Brownie kwa dola moja. Familia ikaanza kujipiga picha yenyewe, na daftari la habari likawa albamu ya sura. Mwaka 1980 Marielen Christensen wa Utah alionyesha madaftari ya familia yake zaidi ya 50 kwenye mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu uliofanyika Salt Lake City, mji wa Wamormoni, watu ambao dini yao inawahimiza kutafuta majina ya mababu. Kutoka hapo ikachipuka biashara ya karatasi za rangi, vibandiko na riboni, na wanawake wakakutana majumbani kutengeneza kurasa pamoja. Ilivuma mno, kisha ikapoa. Kampuni mama ya Creative Memories, moja ya majina makubwa ya biashara hiyo, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2008.

Wakosoaji husema albamu za aina hii hudanganya: kila mtu anatabasamu, hakuna talaka, hakuna deni, hakuna mgonjwa. Ni kweli, na nadhani ndiyo sababu nyingi hazitamsaidia mwanahistoria yeyote. Dorsey alibandika hata uhalifu wa watu wake, habari ambazo mtu mwenye fahari angezificha, na kwa hiyo tunamwamini anaposimulia mafanikio yao. Lakini kosa hapo ni la uchaguzi, haliko katika daftari lenyewe. Ukurasa wenye risiti ya karo ya mwaka fulani, barua ya mjomba aliyeomba mkopo na kadi ya kliniki ya mtoto unaeleza maisha ya nyumba kuliko riboni kumi.

Pingamizi la mwisho ni simu, kwamba picha zote zimo mfukoni. Simu hukusanya, haichagui, na ndani yake picha ya shangazi imekaa baina ya picha za risiti na za vichekesho, bila jina lake. Majumbani kwetu Afrika Mashariki mgeni anayengoja chai huwekewa albamu mapajani, na mwenyeji humtajia mmoja mmoja: huyu ni babu mdogo, huyu aliolewa Tanga. Maelezo hayo ndiyo hazina, nayo mara nyingi hayaandikwi popote. Bibi anapofariki, albamu inabaki na watu wasiojulikana. Dawa yake ni rahisi na bei yake ni ndogo: jina, mahali, mwaka na uhusiano, kwa penseli laini nyuma ya picha, kwa sababu wino hupenya. Zile albamu zenye kurasa za kunata zilizovuma miaka ya 1960 na 1970 ziepukwe, maana gundi yake huziharibu picha. Kipande cha gazeti kitolewe nakala kwenye karatasi bora, kwani karatasi ya gazeti ina asidi, hugeuka njano na kuvunjika. Na kuna chanzo ambacho familia nyingi tayari zinacho pasipo kukijali: kile kijitabu cha ibada ya mazishi chenye wasifu wa marehemu, mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, kazi alizofanya, majina ya watoto na wajukuu, ambacho waombolezaji hujipepea nacho na kukiacha vitini. Kwa watu wengi huo ndio wasifu pekee uliowahi kuchapwa juu yao, na wiki moja baadaye hata nyumbani kwao nakala haipatikani.